Matone mseto ya macho au dawa moja moja? Ulinganisho kabla hujafungua kichupa

Kichupa hufika kaunta kikiwa kitupu. Mwenye nacho anakiweka juu ya kioo, anakigonga kwa kidole na kusema, "Naomba kama hiki." Ukiuliza ni cha nani, mara nyingi si chake. Ni cha bibi aliyetolewa mtoto wa jicho mwezi uliopita, au cha jirani aliyeugua macho mekundu akapata nafuu kwa siku mbili. Katika miaka niliyosimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, kichupa kinacholetwa namna hiyo karibu kila mara ni cha aina ileile: matone mseto, yaani antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya chupa moja.

Naelewa kwa nini yanapendwa. Jicho lililoamka jekundu kama pilipili, jioni limepoa. Hakuna dawa nyingine ya macho inayofurahisha haraka kiasi hicho. Shida ni kwamba steroidi inapoza jicho bila kuuliza kilicholiwasha ni nini. Mbwa akibweka usiku unaweza kumfunga mdomo ukalala vizuri, lakini mwizi bado yuko uani.

Makala hii ni ya mtu aliyekwama kati ya vichupa vinne: matone mseto, antibiotiki pekee, steroidi pekee, na lile kundi linalodharauliwa la dawa zisizo na kimojawapo kati ya hivyo viwili. Kila kimoja kina siku yake.

Vipimo nitakavyotumia

Nimelinganisha kwa mambo matano. Kwanza kazi: dawa inatibu nini hasa. Pili madhara: ikiwekwa kwenye jicho lisilo lake itaharibu nini, na je, kilichoharibika kinarudi? Tatu muda: siku ngapi, na unaiachaje. Nne uangalizi: nani lazima alione jicho, kabla ya dawa au baada yake. Tano, nani inamfaa. Bei nimeiacha makusudi, kwa sababu hubadilika kutoka duka hadi duka, na kwa sababu watu wengi huchagua kwa bei na kwa kumbukumbu ya jirani, wakaishia hapo.

Kabla ya kulinganisha, ujue ulichokishika. Soma majina madogo yaliyoandikwa chini ya jina kubwa la biashara. Jina linaloishia kwa -sone, -solone au -lone karibu kila mara ni steroidi: ndiko waliko deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni na fluorometholoni. Majina yanayoishia kwa -mycin, -micin, -cycline au -floxacin kwa kawaida ni antibiotiki, na kloramfenikoli nayo imo humo ingawa mkia wake ni tofauti. Ukikuta mikia ya pande zote mbili kwenye boksi moja, umeshika mseto. Makampuni hupenda kuyapa matone haya majina ya biashara yanayofanana, kwa hiyo usitegemee rangi ya boksi. Nimeona dada mmoja akiapa kuwa amenunua ileile aliyoandikiwa, na kweli boksi lilikuwa la kijani kama lile la kwanza, ila ndani steroidi ilikuwa imeongezeka.

Matone mseto

Kazi. Yalitengenezwa kwa ajili ya jicho lenye mambo mawili kwa wakati mmoja: uvimbe unaohitaji kutulizwa, na bakteria walioingia au wanaohofiwa kuingia. Mfano safi kabisa ni jicho lililofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Limekatwa, limevimba, na mlango wa vijidudu umefunguliwa. Badala ya bibi kukumbuka vichupa viwili kwa saa tofauti, anapewa kimoja. Hata kope zilizovimba na kuwasha kwa muda mrefu daktari anaweza kuzipa mseto kwa siku chache. Michanganyiko inayojulikana sana ni deksamethasoni 0.1% na tobramisini 0.3%, ambayo wengi wanaifahamu kama Tobradex, na deksamethasoni pamoja na neomisini na polimiksini B, ambayo ni Maxitrol. Madukani kwetu kuna mingine mingi yenye gentamisini, kloramfenikoli, au betamethasoni na neomisini.

Madhara. Hapa nitakaa kidogo.

La kwanza ni presha ya jicho. Steroidi huzuia maji ya ndani ya jicho yasitoke vizuri, na presha inapanda. Haipandi kwa kila mtu. Takriban mtu 1 kati ya 3 presha yake hupanda kwa kiasi baada ya wiki kadhaa za matone ya aina ya deksamethasoni, na wachache, kama 5 katika 100, hupanda sana. Huwezi kujijua uko kundi gani kwa kujitazama kwenye kioo, maana presha hii haiumi. Jicho linakuwa jeupe, zuri, na mshipa wa fahamu wa jicho unakufa taratibu kuanzia pembeni. Ukiacha dawa, presha kwa kawaida hushuka, lakini sehemu ya mshipa iliyokwisha kufa hairudi. Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada: uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, Dodoma, katika miaka ya 1990 ulikuta watu kama 4 kati ya 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi wana glakoma, yaani ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho kufa taratibu, mara nyingi kwa sababu ya presha ya jicho. Ukimwongezea mtu wa namna hiyo kichupa cha steroidi alichojinunulia, unamwaga petroli.

La pili ni mtoto wa jicho. Steroidi ikitumika miezi kwa miezi hutia ukungu sehemu ya nyuma ya lenzi ya jicho. Ukungu huo hauondoki kwa kuacha dawa, unaondoka kwa upasuaji tu.

La tatu, na ndilo linaloniogopesha zaidi, ni kidonda kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele kinachofunika weusi wa jicho. Kuna kirusi cha hepesi, ndugu wa vile vipele vinavyotoka mdomoni, ambacho huchora kidonda chenye matawi kama mti mdogo. Ukikimwagia steroidi, matawi yanaungana na kuwa kidonda kipana. Fangasi nao ni hivyohivyo. Katika nchi za joto fangasi ni sehemu kubwa ya vidonda vya konea, hasa kwa wakulima: jani la muhindi linakwaruza jicho wakati wa kuvuna, au kipande cha bua kinaruka wakati wa kupura. Antibiotiki iliyo ndani ya mseto haiui fangasi wala hepesi. Steroidi iliyo ndani yake inawafungulia njia. Mgonjwa anasikia nafuu siku ya kwanza na ya pili, anaacha kutafuta hospitali, na siku ya kumi anakuja na doa jeupe katikati ya weusi. Dawa ya fangasi ya jicho, natamisini 5%, Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Kuingia kwenye orodha ni jambo moja na kuikuta dukani ni jingine, hivyo kila siku iliyopotea kwenye kichupa kisicho chake ni hasara mara mbili.

Mtu anaweza kuuliza: lakini kidonda kikiwa cha bakteria kweli, steroidi si itasaidia kupunguza kovu? Swali hilo lilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa 500 ambao wengi wao walikuwa India, uliwapa watu antibiotiki kwa saa 48 kwanza, bakteria wakiwa wameshathibitishwa maabara, ndipo steroidi ikaongezwa kwa nusu yao. Baada ya miezi 3 uoni wa makundi mawili kwa jumla haukutofautiana. Hayo ni matokeo ya watu waliochunguzwa na kufuatiliwa. Aliyejinunulia dukani hana hata hiyo maabara.

La mwisho ni neomisini. Baadhi ya watu hupata mzio wake: kope zinavimba, ngozi chini ya jicho inakuwa nyekundu na kuwasha, naye anadhani ugonjwa umezidi, anaongeza matone. Ukiona hivyo baada ya siku chache, dawa yenyewe ndiyo mshtakiwa wa kwanza.

Muda. Baada ya upasuaji, ratiba ya kawaida huanza na tone mara 4 kwa siku na kushushwa polepole kwa takriban wiki 4, lakini ratiba ni ya daktari aliyekupasua, usiikope kwa mwenzako. Maelezo ya dawa zenyewe yanasema ukifikisha siku 10 na kuendelea, presha ya jicho ipimwe. Uliyetumia kwa wiki kadhaa usikate ghafla kwa uamuzi wako, maana uvimbe unaweza kurudi kwa nguvu.

Uangalizi. Lazima jicho limeangaliwa kwa taa maalumu, na konea kupakwa ile rangi ya njano inayong'aa ikikutana na kidonda. Duka la dawa halina taa hiyo. Hata mfamasia hodari, akisema ukweli, hawezi kukuambia kwamba hakuna kidonda cha hepesi kwa kukutazama kupitia dirisha la kaunta.

Inamfaa nani. Aliyetoka upasuaji, aliyeandikiwa na daktari wa macho kwa uvimbe uliokwisha kuchunguzwa, na anayeweza kurudi kupimwa. Kwa mtu huyo ni dawa nzuri sana, na sitaki ulinganisho huu umtishe akaacha matone yake katikati.

Antibiotiki pekee

Kazi. Hii ni ya jicho lenye bakteria: tongotongo nzito za njano au kijani, kope zimegandana asubuhi mpaka uzilainishe kwa maji, lakini ukishasafisha unaona kama kawaida. Kloramfenikoli 0.5% ya matone au 1% ya mafuta, gentamisini, siprofloksasini 0.3%, na ile tetrasaiklini 1% ya mafuta ambayo kila kituo cha afya kimewahi kuwa nayo. Hii ya mwisho ndiyo wanayopakwa watoto wachanga wakizaliwa, na ndiyo ya vikope.

Haiui virusi, haitulizi aleji, haipunguzi maumivu ya uvimbe wa ndani ya jicho. Hata kwa bakteria wa kawaida, macho mengi yangepona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, dawa inafupisha tu. Nasema hivyo kwa sababu kuna watu wanaona aibu kutoka dukani mikono mitupu.

Madhara. Kuchoma kidogo, mzio mara mojamoja, ukungu wa dakika chache kwa zile za mafuta. Ukilinganisha na mseto, makosa yake husameheka: ukiiweka kwenye jicho la virusi umepoteza pesa na muda, na umewazoesha bakteria dawa, lakini hujachochea kidonda wala kupandisha presha. Hatari yake kubwa ni kuchelewesha. Mtu mwenye kidonda cha fangasi anaweza kukaa wiki mbili na siprofloksasini akisubiri nafuu isiyokuja.

Muda. Kloramfenikoli ya matone kwa kawaida ni kila baada ya saa 2 kwa siku mbili za mwanzo ukiwa macho, kisha mara 4 kwa siku, jumla siku 5. Tetrasaiklini ya vikope ni safari nyingine kabisa, mara 2 kwa siku kwa wiki 6. Kuacha hakuhitaji kupunguza polepole. Kumbuka tu kwamba kloramfenikoli ya matone hupenda baridi, na duka lililoianika kwenye rafu linalopigwa na jua la Februari limekuuzia maji ya rangi.

Uangalizi. Hapa mfamasia au muuzaji aliyefundishwa wa duka la dawa muhimu anaweza kukuhudumia, mradi akuulize maswali kwanza. Baada ya saa 48 kama hakuna dalili ya kupungua, usibadilishe kichupa. Badilisha mahali: nenda kwa anayechunguza macho.

Inamfaa nani. Mtu mzima au mtoto mwenye tongotongo, anayeona vizuri, asiyeumia na mwanga, asiyevaa lenzi za kuwekwa jichoni.

Steroidi pekee

Sitakaa hapa sana, kwa sababu anayeihitaji kwa kawaida tayari ana daktari.

Kazi. Uvimbe bila vijidudu. Jicho linalouma ndani, linaloogopa mwanga, wekundu umezunguka weusi kama pete: huo huenda ni uvimbe wa ndani ya jicho, na bila steroidi mboni inaweza kugandana na lenzi iliyo nyuma yake. Kuna pia ile aleji kali ya watoto, wa kiume zaidi, ambayo hufanya weupe wa jicho uwe na rangi ya kahawia na mtoto ajikune kila saa. Prednisoloni 1% na deksamethasoni 0.1% ndizo zenye nguvu, fluorometholoni hupandisha presha kidogo kuliko hizo.

Madhara. Yaleyale ya mseto kwa upande wa presha, mtoto wa jicho, hepesi na fangasi. Tena hapa hakuna antibiotiki hata ya kujifariji. Kwa upande mwingine, ni kichupa kisichojificha: anayekiona jina lake anajua ameshika steroidi. Mseto unauzwa na kutumika kama "dawa ya antibiotiki iliyo kali zaidi", na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Muda na uangalizi. Daktari huanza kwa nguvu na kushusha hatua kwa hatua, akipima presha njiani. Mtoto mwenye aleji kali ndiye wa kuangaliwa kuliko wote. Mama huona steroidi imemtuliza, hununua tena na tena bila kurudi kliniki, na mtoto akifika darasa la tano haoni ubaoni. Nimekutana na hali hiyo, na mama yule hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba kichupa kile kina mwisho.

Inamfaa nani. Mwenye utambuzi ulioandikwa kwenye karatasi na tarehe ya kurudi.

Bila antibiotiki, bila steroidi

Kazi. Virusi, aleji ya kawaida na ukavu, yaani sehemu kubwa ya macho mekundu yanayokuja dukani. Januari 2024, Wizara ya Afya ya Tanzania ilipotoa tahadhari ya macho mekundu yaliyokuwa yameenea Dar es Salaam, chanzo kilikuwa virusi. Pwani ya Kenya nayo iliguswa wiki hizohizo, na miezi michache baadaye Uganda. Katika sehemu mbalimbali za Afrika wakubwa wanaujua ugonjwa wa namna hii kwa jina la Apollo, kwa sababu mlipuko wa kwanza kutambuliwa ulikuwa Ghana mwaka 1969, ule mwaka ambao Apollo 11 ilitua mwezini, na watu wakaunganisha mambo mawili. Kwa kirusi hicho hakuna antibiotiki itakayosaidia. Kinachosaidia ni maji safi, kitambaa safi chenye ubaridi juu ya kope, machozi bandia, kunawa mikono, na taulo la peke yako.

Kwa aleji, kuna kromoglaiketi ya sodiamu na olopatadini. Ya kwanza inahitaji uvumilivu, inafanya kazi ukiitumia kila siku, siyo siku ya kuwashwa tu. Kwa ukavu, hasa kwa wanaoshinda mbele ya kompyuta au mbele ya feni, machozi bandia yanatosha.

Madhara. Machache mno. Kubwa ni kutosadiki: mtu anaona kichupa "hakina nguvu", anaongezea chai ya rangi, maziwa ya mama au mkojo. Vyote vitatu vinaingiza vijidudu kwenye jicho lililochokozwa.

Muda. Macho ya virusi huchukua wiki moja hadi tatu, na siku za katikati huwa mbaya kuliko za mwanzo. Hapo ndipo kishawishi cha mseto kinapokuwa kikali. Ni kweli steroidi ingepunguza wekundu, lakini yaweza pia kurefusha muda ambao kirusi kinabaki machoni, nawe ukaendelea kuwaambukiza wa nyumbani ukidhani umepona.

Uangalizi. Kujitazama mwenyewe kila siku: naona vizuri? naumia na mwanga? 

Inamfaa nani. Jicho linalotoa machozi ya majimaji, linawasha au linakwaruza kama lina mchanga, lakini linaona.

Ukishapewa, liweke hivi

Kope za chini zivute zifanye kimfuko, tone moja liingie humo, mdomo wa kichupa usiguse chochote. Moja latosha: tone la kawaida ni kubwa kuliko kiasi ambacho jicho linaweza kushika, la pili litakuishia shavuni. Fumba jicho taratibu na ubane kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili, dawa isishuke kooni. Mseto mwingi ni maji yenye chembe, tikisa kichupa kwanza, la sivyo wiki ya kwanza unajidondoshea maji na ya mwisho unajidondoshea unga. Ukiwa na dawa mbili tofauti, pisha dakika 5 kati yake, na ya mafuta iwe ya mwisho. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa, na siku 28 zikifika kitupe hata kama kimebaki nusu. Kile cha nusu kilichobaki juu ya friji ndicho kinachokuja kuwa cha jirani.

Matone yaliyotengenezwa kwa masikio pekee yasiingie jichoni kamwe. Wavaaji wa lenzi wazivue, wasizirudishe mpaka tiba iishe.

Kulingana na hali yako

Umetoka kupasuliwa mtoto wa jicho na umepewa mseto: utumie wote kama ulivyoandikiwa, nenda siku uliyopangiwa, na maumivu au ukungu ukiongezeka kabla ya siku hiyo usisubiri.

Macho mawili mekundu, machozi ya majimaji, na nyumba nzima inaugua: anza na kundi la nne, lile lisilo na antibiotiki wala steroidi. Tongotongo zikigeuka nzito na za njano, antibiotiki pekee yaweza kuingia.

Mtoto anajikuna macho kila msimu wa vumbi: kromoglaiketi au olopatadini kwanza, na miadi ya daktari wa macho kama anakosa shule. Steroidi, iwe peke yake au ndani ya mseto, asipewe bila mtu wa kumpima presha.

Jicho moja, limekwaruzwa na jani, bua, kipande cha chuma cha gereji au kucha ya mtoto: siku hiyohiyo au kesho yake kwa mtaalamu. Ukilazimika kungoja usafiri, antibiotiki pekee ni salama kuliko mseto. Ukiona doa jeupe kwenye weusi, usingoje usafiri wa kesho. Kwa walio karibu, KCMC Moshi, CCBRT na Muhimbili Dar es Salaam, hospitali ya macho ya Kikuyu, Lighthouse for Christ ya Mombasa au Ruharo ya Mbarara ni mahali ambapo konea inaangaliwa kila siku. Aliye mbali aanzie hospitali ya wilaya na aombe rufaa kwa sauti.

Unavaa lenzi za jichoni na jicho limeuma ghafla: zivue, zibebe ndani ya kikopo chake uende nazo, huenda zikapimwa. Hakuna kichupa cha dukani kinachokufaa.

Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja mwenye macho yaliyovimba na usaha: hakuna ulinganisho hapa. Mchukue sasa. Kisonono alichopata wakati wa kuzaliwa kinaweza kutoboa konea ndani ya muda mfupi, na anahitaji sindano, siyo matone.

Baba au mama yako ana glakoma, au una kisukari: mwambie kila anayekuandikia matone, hata kama hajauliza. Anaweza kukuchagulia isiyo na steroidi, au akupime mapema zaidi.

Na wewe ambaye umekuwa ukinunua mseto miezi sasa, kwa sababu ukiuacha wekundu unarudi: usikate leo kwa hofu, na usinunue kingine. Nenda kliniki ya macho ukiwa na kichupa mfukoni, waonyeshe, waambie ni miezi mingapi bila kupunguza hata mmoja. Omba presha ipimwe macho yote mawili, na namba zote mbili waziandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe.